Kipande cha Tuta cha Mheshimiwa Rinsema

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichikana, kwamba katika nchi ya Waholanzi, zama zile gari moshi lilipokuwa bado linawashtua ng'ombe, palikuwa na mtu aliyeitwa Lieuwe Rinsema. Hakuwa wa kibla chetu. Alikuwa Mnasara, mwenye kumcha Mola wake kwa kadiri ya alivyofikiwa na elimu. Lakini haki husemwa popote ilipotokea, hata kama itawakera baadhi ya wenye vilemba vikubwa.

Rinsema huyu alikuwa kiongozi wa Waliberali katika bunge la nchi yake. Mtoto wa mkulima, akasoma sheria, akaingia bungeni na koti la kuazima, akakaa humo miaka ishirini na miwili. Alisema kila mja aabudu anavyoamini bila kuulizwa na askari. Alisema mtumwa wa makoloni ni mwanadamu, aachwe huru, fulstopu. Alisema gazeti liandike bila kuomba ruhusa, na serikali isiingize pua katika mambo ambayo mtu anaweza kuyatunza mwenyewe. Na kubwa kuliko yote, alitaka kibarua apige kura. Maana siku zile, subhanallah, kura ilikuwa ya mwenye ardhi peke yake. Anayechimba mtaro kuanzia alfajiri hana sauti, na anayemiliki mtaro huo akiwa amejilaza ndiye mwenye sauti. Wenyewe waliiita nchi ya sheria.

Sasa, nchi ile iko chini ya bahari. Si maneno ya kupamba. Bahari iko juu, mashamba yako chini, na katikati kuna tuta refu la udongo lililojengwa kwa mikono. Katika wilaya aliyozaliwa Rinsema, kila mwenye shamba alikabidhiwa kipande chake cha tuta akitunze. Mara mbili kwa mwaka, wakuu wa tuta walipita na fimbo ya chuma, wakichoma udongo kila hatua kutafuta mashimo, na mwenye kipande alitakiwa asimame pale pale juu ya kipande chake, mvua inyeshe isinyeshe. Na ilikuwako kanuni kongwe: aliyeshindwa kutunza kipande chake, bahari ikapenya, huchomeka sepetu katika tuta, akageuka na kuondoka. Shamba, nyumba, zizi, vyote anaviacha. Atakayeing'oa sepetu ile ndiye mwenye mali, na ndiye mwenye mzigo wa kuziba.

Kipande cha Rinsema kilipakana na cha mjane aliyeitwa Jeltje Doekes. Na kwa sababu Rinsema alikuwa mtu mkubwa, yuko bungeni anapigania haki za wanyonge, wakuu wa tuta walipofika kwenye kipande chake walibana fimbo kwapani. "Hiki ni cha Mheshimiwa," wakasema, "tusimvunjie heshima." Wakapita. Mihula sita mfululizo wakapita. Hiyo ndiyo heshima ya machawa: inamwua mtu huku inamwinamia.

Bibi Jeltje hakuwa na cheo cha kumfanya aone haya. Alimwandikia barua tatu. Ya kwanza ilisema fuko wanachimba katika kipande chako, Lieuwe. Ya pili ilisema fuko wameongezeka, na mashimo yanaingia mkono mzima. Ya tatu ilikuwa na mstari mmoja: "Unasubiri nini?" Rinsema aliijibu ile ya pili tu, kwa mwandiko mzuri, kwamba kila mmiliki ana uhuru wa kutunza mali yake kwa wakati anaouona unafaa. Yaani mama wa watu analia maji, naye anamjibu kwa falsafa!

Vuli ya mwaka huo bahari ilipanda, ikapenya. Ilichukua nguzo za mipaka, zizi la Bibi Jeltje na ng'ombe wake wote kumi na mmoja, ikamwaga chumvi katika mashamba ya watu arobaini. Maji yalipotulia, wakuu wa tuta wakakaa kikao, wakaandika ripoti. Nguzo hazipo, nani atajua mpaka ulikuwa wapi? Mheshimiwa ni Mheshimiwa, na mjane ni mjane. Wakaandika kwamba tuta lilipasuka katika kipande cha Jeltje Doekes, na kwamba siku ya Jumatano atachomeka sepetu na kuondoka.

Rinsema alifika siku ya Jumanne adhuhuri. Alishuka hadi kwenye ule upenyo bahari ikiwa imekupwa, na wakili wake, Cornelis Boudaert, akimfuata nyuma kwa viatu vya mjini. Pale katikati ya upenyo, kwenye tope, vilichomoza vichwa vya magogo ya mwaloni, saba kwa safu, vyeusi kama makaa. Rinsema akasimama. Magogo yale aliyachimbia baba yake chini ya tuta, miaka arobaini iliyopita, na aliyeyashikilia wima wakati yanapigiliwa ni Rinsema mwenyewe. Yalikuwa katikati ya kipande chao. Hapakuwa na hata shubiri moja ya upenyo iliyoingia upande wa mjane.

"Boudaert," akasema, "hiki ni kipande changu."

Wakili akatazama magogo, akatazama bahari. "Maji yatajaa baada ya saa mbili," akasema. "Magogo yatafunikwa."

"Nimesema ni kipande changu."

"Nami nimesikia, Mheshimiwa. Sasa nisikilize mimi. Jumapili inapita, Jumatatu Bunge linapigia kura muswada wako. Tumewazidi kwa watu wawili. Wawili! Na hao wawili ni waoga, wanatafuta kisingizio tu. Ukijipaka tope leo, wanakimbia. Vibarua laki tatu wanakosa kura kwa sababu ya fuko." Akashusha sauti. "Mjane tutamtafutia nyumba mjini, yenye jiko na dirisha. Atashukuru. Siku sita tu, bosi wangu. Baada ya hapo sema utakavyo."

Na hapa ndugu yangu usicheke, maana shetani hakuja na pembe. Alikuja na hoja, tena hoja yenye takwimu. Rinsema alipiga hesabu ile akaona inakubali: laki tatu upande huu, ajuza mmoja upande ule. Akanyamaza. Alirudi kwenye nyumba ya baba yake akafungua kitabu chake cha dua, na maneno yakawa hayamwingii. Hasira ilimpanda, na lililomtia hasira zaidi ni kwamba hakumpata mwingine wa kumkasirikia.

Jumatano asubuhi watu walijaa kwenye tuta. Wakuu walivaa makoti meusi. Vibarua walisimama chini, mbele yao Gosse, mchimba mitaro, jitu la miraba minne lililokuwa limetembea vijiji vyote likiwasomea wenzake hotuba za Rinsema. Mkuu wa tuta akasoma ripoti, akampa Bibi Jeltje sepetu.

Bibi Jeltje aliipokea. Hakulia. Aligeuka akamtazama Rinsema aliyekuwa amesimama kati ya wakubwa.

"Lieuwe, mwana wa Hessel," akasema, "umenenepa."

Watu wakacheka kwa woga.

"Dada Jeltje," akaanza Rinsema, "nimehuzunishwa mno na..."

"Sikukuita unihuzunikie. Nina swali moja, nami ni mjinga, sikusoma sheria. Fuko walikuwa upande gani?"

Wakili akamgusa kiwiko. Rinsema akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Jambo hili limekwisha kufikishwa mbele ya wakuu wenye mamlaka, na mimi kama mwakilishi nisingependa kuingilia..."

Bibi Jeltje akapasuka kicheko, kicheko kikavu. "Mwasikia? Miaka ishirini na miwili tumempeleka bungeni, na hiki ndicho alichojifunza! Baba yake alikuwa na kigugumizi, lakini ukimwuliza swali, jibu unapata."

Rinsema aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwa bado inaelea hewani, sauti laini, iliyochongwa, sauti ile ile aliyoitumia kuwatetea watumwa. Akaichukia. Wallahi aliichukia kuliko alivyowahi kumchukia mpinzani yeyote bungeni. Akautoa mkono wa wakili kwenye kiwiko chake kama mtu anayetoa kupe, akashuka, akamnyang'anya mjane ile sepetu.

"Fuko walikuwa kwangu," akasema. "Aliniandikia mara tatu. Nimeyaona magogo ya baba yangu yamesimama katikati ya upenyo huu, na nyinyi," akawageukia wakuu, "mngalichoma fimbo yenu katika kipande changu mara moja tu katika mihula sita, mngaliyaona mashimo. Mlinionea haya. Mkapata wapi ujasiri wa kutomwonea haya mjane?"

Akaichomeka sepetu mpaka mpini ukatetemeka. Shamba la baba na babu yake likawa si lake tena.

Ungedhani watu walishangilia. La hasha. Gosse alitoa sauti kama ng'ombe anayechinjwa.

"Leo? Umeona useme leo? Jumatatu tungekuwa watu! Umetuuza kwa ng'ombe kumi na mmoja!"

"Na wewe, mama," akafoka mwingine, "ungekufa ukinyamaza siku tano?"

"Ningenyamaza, mngenifukuza leo," akajibu Bibi Jeltje. "Hizo siku tano ningezilala wapi, kwa mkeo?"

Sepetu ilisimama pale. Kwa kanuni, mwenye kutaka shamba lile jema kuliko yote wilayani angeing'oa tu. Wale wenye makoti meusi wakatazama viatu vyao, maana kuliziba shimo lile kulitaka jasho la miaka. Ndipo Gosse, machozi ya hasira yakimtoka, akawaita wenzake sita. "Kura hatupewi," akasema. "Basi tuta tutalichukua." Wakaishika watu saba kwa pamoja, wakaing'oa.

Jumatatu wale waoga wawili walikimbia kama ilivyotabiriwa, na wa tatu juu yao. Muswada ulianguka. Magazeti yaliyokuwa yakimwita Rinsema baba wa uhuru yakamwita mpumbavu wa matope, na chama chake kikamwandikia barua ya kumshukuru, ile barua ambayo maana yake ni toka. Sheria ya kura ilikuja kupita miaka tisa baadaye, kwa mikono ya watu wengine, na katika hotuba za siku ile jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Yeye alirudi wilayani, akapanga chumba. Asubuhi ya kwanza alifika kwenye upenyo, akavua koti, akamwomba Gosse kazi ya kubeba udongo. Gosse alimpa kapu kubwa kuliko ya wenzake, kwa makusudi. Alibeba. Wiki ya kwanza hakuna aliyemwamkia. Bibi Jeltje alikuwa akipita na birika la supu, anawapa wote, kwake anamwaga nusu kikombe. "Ng'ombe wangu walikuwa na majina," alimwambia, na hakuongeza neno mpaka majira ya kiangazi.

Mwezi wa tatu, wamekaa juu ya udongo mbichi wakila, Gosse alishindwa kuvumilia.

"Nieleze kitu kimoja, na usinihutubie. Zilikuwa siku tano tu. Kwa nini hukusubiri?"

Rinsema alitafuna mkate wake, akameza. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kufungwa matambara.

"Ningesubiri, Gosse, muswada ungepita," akasema. "Jumanne yake wangeniambia subiri mpaka Mfalme atie sahihi. Akishatia sahihi, subiri mpaka uchaguzi wa kwanza. Na kila mara wangekuwa na hoja, na hoja ingekuwa nzuri, maana hoja zile ningezitunga mimi. Ningekufa ningali nasubiri, na nyinyi mngenijengea sanamu juu ya ardhi ya Jeltje."

Baada ya kula Gosse aliinuka, akachukua lile kapu kubwa akaliweka begani mwake mwenyewe, akamwachia Rinsema dogo.

Enyi wenye imani, tumewapata wengi wanaotuambia ngojeni. Ngojeni mpango ukamilike, ngojeni uchaguzi upite, msiseme sasa mtaharibu. Wanazungumza vizuri, wamesoma, na wengine kweli wana nia njema. Lakini Mwenyezi Mungu aliyetuamrisha kusimamisha ushahidi wa haki, hata dhidi ya nafsi zetu, hakututajia msimu wake. Mwenye kudai kwamba dhulma moja ndogo itazaa uadilifu mkubwa, na amwambie hilo aliyedhulumiwa, uso kwa uso, mchana, mbele ya watu. Na amsubiri ajibu.

Ewe Mola wetu, usitufanye miongoni mwa wanaopitwa na fimbo kwa heshima. Amin.