Kipande cha Bluu

Mkono usikate kisichosomwa na jicho.

Hapa kwetu mlimani wazee wa usuluhishi huisema methali hii wakiletewa ugomvi wa ndoa, na walimu huisema mtoto akiadhibiwa kabla hajaulizwa. Leo nimeisema mimi, kumwambia mjukuu wangu Eliapenda, aliyekuwa anapitisha mkasi kwenye makaratasi yangu ya zamani. Yeye na wenzake wa darasa la kipaimara wanatengeneza kadi za Pasaka hapa kibarazani. Wote wakaacha kukata.

“Bibi, methali hiyo ilianza wapi?” akaniuliza.

“Ilianza hapa nyumbani kwangu,” nikamwambia. “Haikuanza kwa sifa. Wekeni mikasi chini kwanza.”

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alifariki masika, mwaka ule barabara ilipokatika. Watu walikuja kuzika wakiwa na matope mpaka magotini. Hata watu wa kijiji cha juu, ambao hatukuwa na mazoea nao, walikuja. Nakijwa hakuja.

Nakijwa alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, ukisimama hapa unaona hata kamba yake ya nguo. Tulinunua doti moja ya kanga, ya bluu yenye pindo jeupe, tukaigawana, kipande chake na kipande changu. Gauni lake la harusi alilishona mume wangu, wala hakutaka malipo. Mtu wa namna hiyo asipokuja kuzika, kwetu huko si kuchelewa. Ni kukukana.

Siku ya nne ya matanga, Mzee Sifaeli, mzee wa kanisa, alinipa bahasha ya kaki.

“Imetoka kwa Nakijwa. Anasema usome mwenyewe.”

“Nitasoma,” nikamjibu.

Nilimdanganya mzee wa kanisa, na mume wangu hajamaliza wiki kaburini. Niliitupa ile bahasha ndani ya boksi pamoja na kadi za rambirambi za watu wengine. Nikasema moyoni, kama ameshindwa kuleta miguu, karatasi yake itanifaa nini? Kipande changu cha kanga nikakifanya tambara la kutolea sufuria motoni. Na yeyote aliyetaja jina la Nakijwa nyumbani mwangu nilimnyamazisha. Kila jioni nilisali Sala ya Bwana, na nikifika pale pa kusameheana napita haraka, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa.

Ikapita miaka miwili. Mama Mchungaji akatufundisha sisi wanawake wa Umoja wa kanisani kutengeneza kadi za kuwapelekea wagonjwa na waliojifungua. Kadi za dukani zilikuwa mbali, tena hazikuwa na joto la mtu. Tulitumia kalenda zilizopita, maboksi ya sabuni, karatasi ya mifuko ya saruji, maganda ya migomba, vipande vya vitambaa. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano. Mimi mkono wangu haukutetemeka, nikawekwa kuwa mkuu wa wakataji.

Siku moja jina la Nakijwa likasomwa kikaoni. Aliomba kujiunga.

Nikasema, “Mtu asiyezika atafariji wagonjwa kwa uso gani?”

Mama Mchungaji alinitazama kidogo, kisha akaliacha jina lile, akasoma lililofuata. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Wiki hiyohiyo tuliambiwa kila mmoja alete makaratasi ya kwake. Nikabeba lile boksi la rambirambi. Bahasha ya kaki nikaichana na kutoa kadi iliyotengenezwa kwa mkono, kwa boksi la majani ya chai. Mbele ilikuwa na ua la kitambaa cheupe, limeshonwa kwa subira. Nikaona, hili linafaa. Nikalikata pamoja na karatasi yake. Ndani kulikuwa na maandishi. Niliona mistari, wanangu, sitasema sikuiona. Karatasi ilikuwa ngumu, inafaa kuwa kiegemeo cha kadi, basi nikaipunguza ukingo, upande wa maandishi nikaupaka gundi, nikaubandika chini. Lile ua nikaliweka juu, kadi ikatoka nzuri. Wenzangu wakaisifu, nikasifika.

Mwezi ule binti wa Nakijwa akajifungua.

Utaratibu wetu ulikuwa mmoja kwa wote, aliyejifungua anapelekewa kadi, awe mwanachama au asiwe. Mama Mchungaji alitia mkono kapuni, akachukua iliyokuja. Tukaenda wanne, na mimi nilikwenda kwa sababu mkuu wa wakataji hawezi kujificha. Manyunyu yalitukuta bondeni, tukafika kadi imelowa.

Nakijwa alitupokea vizuri. Alitupa chai. Kwangu alisema, “Karibu, Dada Nanzia,” bila kunitazama. Mama Mchungaji akampa kadi, ampelekee binti yake chumbani. Hakwenda. Alisimama palepale, kidole chake kikilizunguka lile ua.

“Ua hili nililishona mimi,” akasema.

Mwenzetu mmoja akacheka. “Mama wewe, maua meupe ni mengi.”

“Ya kitambaa hiki si mengi. Haya ni masalio ya gauni langu la harusi. Mume wake Nanzia alinirudishia, akaniambia niyatunze.”

Nilikitazama kile kitambaa. Kilikaa mezani kwetu wiki nzima mume wangu akikishona, na mimi ndiye niliyekipiga pasi. Nilikikata bila kukitambua.

Gundi ya ngano haipendi maji. Nakijwa aliingiza ukucha kwenye kona, karatasi ikaachia taratibu, maandishi yakatoka. Hakuyasoma. Alinipa mimi.

“Soma, Dada.”

“Nakijwa, tuzungumze mimi na wewe tu.”

“Kikaoni ulisema mbele ya watu. Soma mbele ya watu.”

Nikasoma. Barua ilisema hivi: *Dada yangu, watoto wangu wawili wana surua. Muuguzi amenikataza kutoka mpaka wapone, na kwako kuna mjukuu mchanga, siwezi kumletea ugonjwa juu ya msiba. Nimesimama dirishani tangu asubuhi. Nimeona jeneza likipita, nimeimba nanyi huku ndani. Siku nikiruhusiwa nitakuja, ila naogopa umenikasirikia. Nipe ishara. Ukisoma hii, tundika…*

Hapo karatasi iliishia. Ndipo nilipopunguza ukingo.

“Nitundike nini?” nikauliza.

“Kipande chako cha bluu. Kwenye kamba. Nijue nije.” Akakunja mikono. “Niliiangalia kamba yako miezi mitatu. Nilijua hata siku unazofua mashuka.”

Mama Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitamani Nakijwa anitukane, ningepata pa kushika. Hakunitukana. Aliokota lile ua lililodondoka mezani, akaliweka kiganjani mwangu, akasema polepole kama anayemfundisha mtoto kushona:

“Dada, mkono usikate kisichosomwa na jicho.”

Kisha akaingia kumtazama mjukuu wake.

Nilirudi peke yangu. Nikakitafuta kile kipande jikoni. Kilikuwa kimeungua pembe mbili, masizi yameingia mpaka kwenye nyuzi. Nilikifua kwa sabuni, nikakifua tena kwa majivu. Bluu ikarudi kidogo, weupe wa pindo haukurudi. Nikakitundika kambani vilevile, kila mpita njia akione. Waliouliza niliwaeleza. Jumapili nikasimama mbele ya Umoja, nikayakana maneno yangu ya kikaoni na kuomba nisikate tena.

Siku ya kwanza hakuja, wala ya pili. Wiki ikaisha. Nilijiambia, yeye alingoja miezi mitatu, na wewe ngoja. Nikawa nakianua jioni na kukitundika asubuhi.

Mwezi wa pili wa kungoja ukielekea mwisho, nilitoka kumwaga maji, nikatazama ng'ambo. Kwenye kamba ya Nakijwa kulikuwa na kitu cha bluu, pindo lake jeupe kabisa, kama kimetoka dukani. Alikuwa amekitunza chake.

Sikufunga hata mlango. Nilishuka bondeni na kandambili.

Mama Mchungaji aliendelea kuwaambia wakataji maneno yale ya Nakijwa, nao wakayapeleka majumbani mwao. Sasa husemwa na watu wasiojua kwamba aliyekata ni mimi. Ninyi mmejua.

Eliapenda aliokota makaratasi aliyokuwa anataka kuyakata. Akayapanga magotini, akayageuza moja moja, midomo yake ikitembea. Wenzake nao wakafanya hivyo.

Niliwaacha wasome. Mkono usikate kisichosomwa na jicho.