Kiti cha Dhamana Katika Lori la Mama Kajiru

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya hivi karibuni tu, zamani ya malori yenye pua ndefu ambayo yakiwashwa asubuhi kijiji kizima kinakohoa, juu milimani Upare kulikuwa na lori moja la kubeba tangawizi. Mwenye lori alikuwa Mama Kajiru. Dereva wa lori alikuwa Kajiru mwanawe. Na aliyekaa kando ya dereva alikuwa Nakijwa, mke wa Kajiru, na mapajani mwake mtoto wao Namsifu, ambaye hata jino moja hajaota.

Msidhani Nakijwa alipanda kwa kupenda safari. Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Wanawake wenye tangawizi hawakupakia hata gunia moja mpaka wachungulie dirishani waulize, "Nani kakaa kiti cha dhamana?" Kiti chenyewe ni hicho cha kando ya dereva. Wakimwona mke wa dereva na mtoto wa dereva, wanasema, "Haya pakieni, huyu leo hataendesha kama kichaa." Wasipowaona, hawapakii. Basi Nakijwa akawa rehani, tena rehani inayonyonyesha.

Sasa lori likaanza kuvuja oili. To, to, to, chini ya injini. Nakijwa akiliona lile dimbwi jeusi asubuhi anamvuta mtoto kifuani, kwa sababu barabara ya kushuka ilikuwa kona tupu, upande huu ukuta wa mlima, upande ule hakuna kitu, hewa tu, miti unaitazama utosini, na yeye alijua, maana alisoma mpaka kidato cha nne na jambo hili halihitaji hata kidato cha kwanza, oili ikiisha injini inakaba, injini ikikaba kwenye mteremko breki za upepo nazo zinaishiwa upepo, na hapo atakayeruka kama ndege ni nani kama si yeye na Namsifu?

"Baba Namsifu, lori linavuja."

"Lori zee lolote linavuja," Kajiru akasema. "Likiacha kuvuja ndiyo uogope, ujue oili imekwisha." Akacheka mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyecheka.

"Mimi sipandi."

"Usipopanda hawapakii."

"Wasipakie!"

Mama Kajiru akasikia, akatoka na upawa mkononi. "Mkwe wangu, magunia yamejaa uani mpaka kuku hawana pa kulala. Kijijini hapa wewe peke yako ndiye unayetaka kuishi?"

"Mama, siogopi kwa ajili yangu. Namwogopea mjukuu wako."

Mama Kajiru akamtazama mjukuu, mjukuu akamcheulia maziwa. Ndipo bibi akatoa neno mbele ya wanawake wa tangawizi: "Basi sikilizeni. Atakayeliponya lori hili, yeyote yule, neno la kiti cha dhamana nampa yeye. Akisema akae fulani, atakaa fulani, na mimi sibishi."

Akaitwa Fundi Mrutu. Fundi Mrutu alikuwa na ovaroli yenye mifuko mingi kuliko spana zake. Akalala chini ya lori, akachungulia, akatoka, akapangusa mikono taratibu kama daktari.

"Tatizo liko chini," akasema. "Oili inadondoka chini, kwa hiyo inavuja chini. Ni gasketi ya sampu." Sampu ni lile bakuli la chini linaloshika oili, na gasketi ni kile kikaratasi kinachoziba ukingo wake. Akalifungua, akabadilisha gasketi, akalifunga. Wakawasha. To, to, to.

"Ah," akasema Fundi Mrutu, "gasketi haijakaa." Akafungua tena, akaweka nyingine, akaipaka gundi kama anayepaka mkate siagi. Wakawasha. To, to, to.

"Fundi," wanawake wa tangawizi wakauliza, "hilo bakuli umelifunga au umelitoboa?"

Nakijwa alikuwa amekaa kwenye gunia akimbadilisha mtoto, na mtu akiwa na hofu mdomo hauna breki. Akasema, "Kwani maji yakidondoka sakafuni, si yanaweza kuwa yametoka darini? Ioshwe basi hiyo injini yote, ikauke, tuimwagie poda ya Namsifu, halafu iwashwe tuone mchirizi unaanzia wapi."

Kajiru akashika kiuno. "Injini ipakwe poda! Inakwenda harusini?"

"Na wanja tuiletee," akadakia Fundi Mrutu.

Lakini Mama Kajiru alikuwa amechoka kununua gasketi. "Osheni," akasema. Wakaosha kwa mafuta ya taa na sabuni, wakakausha kwa matambara, na Nakijwa akaimwaga poda yote mpaka kopo likatoa upepo mtupu. Injini ikang'aa nyeupe kama keki. Wakaiwasha, wakasubiri, wakachungulia. Kule chini, kwenye ukingo wa sampu, poda ilikuwa nyeupe vilevile. Mchirizi mweusi ulianzia juu kabisa, kwenye ukingo wa kifuniko cha injini, ukapita nyuma, ukashuka kimyakimya hadi chini, na huko ndiko ulikokuwa ukiisingizia sampu.

"Nilikuwa nakaribia kusema hivyo," akasema Fundi Mrutu.

Akabadilisha gasketi ya kifuniko. Hapa msimcheke, kazi hii aliifanya vizuri, alikwangua, akasawazisha, akakaza nati moja huku na moja kule, vidole vikamchubuka, akaendelea kukaza. Wakawasha. Juu pakawa pakavu. Wakaanza kupeana mikono. To, to, to. Safari hii ikatokea mbele ya injini, kwenye sili, ule mpira wa kuzuia oili ulio nyuma ya puli, gurudumu linalozungusha mkanda. Ukiziba huku, inatokea kule.

"Lori hili limerogwa," akasema Kajiru, na alisema haraka kuliko mtu asiye na jambo.

Namsifu naye akaanza kulia, amenyonya hewa, tumbo limejaa kama ngoma. Nakijwa akamweka begani, akampigapiga mgongo, mtoto akacheua kwa sauti kubwa, akatulia palepale. Na Nakijwa akauliza, wala hakumwuliza mtu, alijiulizia tu, "Na hili lenyewe je? Linacheulia wapi?"

Wanawake wakacheka. Fundi Mrutu akacheka mpaka spana ikamdondoka mguuni. "Shemeji, injini icheue? Icheue ni mtoto?" Halafu kicheko kikamwisha kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta, kwa sababu injini ina bomba la kupumulia, na akakumbuka kwamba tangu alipofika hapo hajalitazama.

Kajiru ndiye ambaye hakucheka kabisa. Alizunguka upande wa pili wa injini akijifanya anatafuta tambara. Akaingiza mkono nyuma, akahangaika, akavuta. Lori likatoa pumzi, fuuu, na moshi wa oili ukampiga usoni.

"Nini hicho mkononi?" mama yake akauliza.

"Hakuna kitu, mama."

"Kajiru."

Akafungua kiganja. Kilikuwa kitambaa cha njano chenye picha za bata.

"Kitambaa cha mwanangu!" Nakijwa akapiga kelele. "Na mimi mbuzi wa jirani nimemtukana mpaka kwa ukoo wake, nikidhani kakila!"

Ikabidi aseme. Siku ya ubatizo wa Namsifu aliegesha lori mbele ya kanisa, kwenye sakafu mpya, na bomba la kupumulia, kama ilivyo kwa lori zee lolote, likadondosha matone mawili matatu. Wanakwaya wakamwuliza mbele za watu kama lori lake limeanza kujikojolea. Akaona haya. Akachukua kitambaa cha mtoto, akaliziba bomba, akafunga kwa mpira. Lori likaacha kudondosha mbele ya wanakwaya, likajaa pumzi tumboni, na pumzi ikatafuta pa kutokea, ikasukuma oili kwenye kila gasketi yenye roho nyepesi.

"Kumbe wewe uliona aibu ya matone," mke wake akasema polepole, "ukatupakia sisi kwenye bomu."

Kajiru akainama, akamwokotea Fundi Mrutu spana yake.

Fundi Mrutu akaweka sili mpya mbele, akajaza oili. Wakalizungusha lori kijiji kizima, wakapanda nalo hadi shuleni, wakarudi, wakachungulia. Chini pakavu. Wakasubiri mpaka injini ikapoa. Hakuna to. Wanawake wa tangawizi wakayaburuta magunia yao, wakachungulia dirishani. "Haya, nani anakaa kiti cha dhamana?"

Kilikuwa kitupu. Na wote watatu, fundi, dereva na mkewe, wakasimama mbele ya Mama Kajiru.

Fundi Mrutu akasema, "Neno ni langu. Kujua pengo si kuziba pengo. Poda haikazi nati, na swali halifungi sili. Mikono iliyofunga ni hii hapa. Na neno langu ni hili: kiti hicho king'olewe! Kazi ya Mrutu haihitaji mtoto wa mtu kuwa shahidi."

"Ile ya sampu au ile nyingine?" mwanamke mmoja akauliza kwa nyuma.

Kajiru akasema, "Neno ni langu. Bila mimi kuchomoa kitambaa, mngebadilisha gasketi mpaka wajukuu wazeeke. Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima. Na neno langu ni kwamba mke wangu apande na mtoto, kama zamani. Asipopanda sasa, watu watasema hata mke wangu haniamini."

Nakijwa hakuwa na pumzi ya kusema kwa mpangilio. "Neno ni langu," akasema. "Poda ni yangu, swali ni langu, kitambaa cha mwanangu, na hofu ni yangu, mlinicheka, bila hofu yangu mngekuwa mmeshashuka na lori linavuja, na pengine leo mngekuwa mnatutafuta bondeni. Basi neno langu ni hili. Lori si langu, faida si yangu. Kiti cha dhamana akae mwenye lori. Upande wewe, mama."

Mama Kajiru akautazama mteremko, kona ya kwanza ilionekana kutoka pale, na miti ile inayotazamwa utosini. Mara akaanza kulalamikia magoti yake, magoti ambayo asubuhi yalimfukuza kuku uani mara mbili.

"Hukusema hubishi, mama?" Nakijwa akauliza.

Injini inaunguruma. Tangawizi inasubiri. Mlango wa lori uko wazi, na Namsifu amelala begani kwa mama yake, hajui lolote.

Sasa ninyi mliocheka na mliokasirika, semeni kabla mlango haujafungwa: fundi aliyefunga, dereva aliyefungua alichokiziba mwenyewe, na mama aliyeogopa, je, nani aliliponya lori, na kiti kile apande nani?