Bei ya Cherehani cha Kapela

Bei ya vinywa vingi haina sikio. Jana mlinisikia nikimwambia hivyo jirani yetu anayeuza kiwanja, mkacheka, kisha mkaniuliza tangu lini bei ikawa na vinywa. Kaeni basi. Maneno haya yana mtu aliyeyasema kwanza, na mambo yalikuwa hivi.

Fundi Kapela wa Tabora hakuwa na mke. Hakuwa na shamba wala nyumba, chumba alipanga. Hakuwa na viatu vya kutokea, na kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa ya kaka yake. Hakuwa na mtu wa kumtuma Kigoma, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alikuwa na cherehani kimoja tu. Ubao wake ulikuwa na alama nyeusi ya pasi, yenye umbo la ncha ya jani. Alama hiyo aliiacha Nyanzobe, binti wa mfanyakazi wa reli, aliyekuja barazani kwa Kapela kujifunza kushona. Siku moja walikuwa wakicheka, pasi ya mkaa ikasahauliwa pale juu mpaka ubao ukatoa moshi. Haukupita muda baba yake akahamishiwa Kigoma na kuondoka na jamaa yake yote. Kapela alikuwa hajamwambia Nyanzobe neno lolote. Miaka ikapita. Hakuipiga msasa alama ile, na kila treni ya Kigoma ilipopiga honi stesheni, aliondoa mguu kwenye pedeli mpaka mlio uishe.

Siku moja akaja Mzee Mrisho, dalali wa sokoni.

"Fundi, kuna mtu Kigoma anataka cherehani chako. Hiki hiki, si kingine."

"Nani huyo?"

"Lini uliona dalali akataja mnunuzi? Nikikutajia, mtaonana wenyewe, mimi nibaki napiga miayo. Wewe taja bei."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yao, na wote waliiheshimu.

Kapela alifikiri usiku kucha. Cherehani kilikuwa chakula chake. Lakini shilingi mia tatu zingetosha nauli ya Kigoma, kanzu yake mwenyewe, na cha kushika mkononi atakapopeleka posa kwa baba yake Nyanzobe, kama binti bado hajaolewa. Asubuhi akamwambia Mrisho anataka mia tatu mkononi, zisipungue.

"Vizuri," alisema Mrisho. "Lakini tupo wanne. Mimi, karani wa mizigo pale stesheni, mhudumu wa treni anayepeleka maneno, na mwenzangu wa Kigoma. Kila mmoja fungu la kumi la bei itakayolipwa."

Sasa sikilizeni hesabu, maana Kapela alisoma shule ya jioni kama nilivyosoma mimi, na hakuwa mtu wa kupunjwa. Mwingine angechukua mia tatu, akaongeza thelathini mara nne, akataja mia nne na ishirini. Angeumia, kwa sababu fungu la kumi hutolewa katika bei nzima, si katika mia tatu zake. Kapela aligawa bei mafungu kumi. Manne ya madalali, sita yake. Sita yakiwa mia tatu, fungu moja ni hamsini, na kumi ni mia tano. Akataja mia tano. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi, haina kosa.

Ila alisahau jambo ambalo kila mtu wa kwetu alilijua. Enzi zile mtu asiyetaka kukuuzia kitu hakukwambia sikuuzii. Yalikuwa maneno makavu. Alikutajia bei usiyoiweza, nawe ukaelewa, mkaagana kwa heshima.

Treni ikaenda, treni ikarudi. Kapela alikuwa anakata suruali Mrisho alipoketi kwenye benchi bila kusalimia.

"Mnunuzi amejitoa."

"Ametaja ngapi?"

"Hakutaja. Alipoambiwa mia tano alizitazama fedha zilizokuwa kwenye kitambaa chake. Halafu akasema, 'Mwambieni mwenyewe nimeelewa.' Akafunga upya kitambaa chake cha fedha, huyoo akaenda."

"Ameelewa nini?"

"Mimi nitajuaje? Biashara imekufa, sasa naweza kusema. Ni mwanamke, fundi kama wewe, anashonea vyerehani vya watu. Wa ajabu kweli. Kigoma vyerehani vimejaa, yeye kang'ang'ania cha Tabora. Wala hakuuliza kama kinashona vizuri. Aliuliza kama alama ya pasi bado ipo ubaoni."

Kapela aliweka mkasi chini.

"Swali hilo lilikufikia lini, Mzee Mrisho?"

"Tangu mwanzo. Lilikuja pamoja na ombi lenyewe."

"Na hukuniambia."

"Fundi," alisema Mrisho, naye alisema kwa upole, "swali halina fungu la kumi."

Kapela aliweka kiganja juu ya ile alama. Mwanamke wa enzi zile asingemwandikia mwanamume asiye ndugu yake kumuuliza kama ameoa. Lakini kuuliza bei hakumvunjii mtu heshima. Nyanzobe alikuwa amebisha hodi kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na yeye, kwa hesabu isiyo na kosa, akamjibu kama mtu anayefukuza mgeni.

Akachukua karatasi, akaandika pale pale juu ya cherehani:

"Nyanzobe, alama ipo. Sijaipiga msasa hata siku moja. Mia tano haikuwa sauti yangu peke yangu. Sijaoa. Ukitaka kuniuliza lolote, niulize mwenyewe."

Mrisho, ambaye kusoma hakujua, alimtazama akiikunja.

"Hiyo inakwenda Kigoma?"

"Inakwenda."

"Mhudumu wetu yupo stesheni. Nipe nimpelekee."

"Hapana, Mzee Mrisho. Hii naipeleka posta kwa miguu yangu."

"Bwana mdogo, mnunuzi nilimleta mimi. Humo ndani umeniwekea fungu langu?"

"Humu hamna bei."

"Na akirudi kununua?"

Kapela aliitia kwenye bahasha, akaandika juu yake jina la baba yake Nyanzobe, Reli, Kigoma, akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, kama anavyobana pindo kabla ya kulishona.

"Tulikuwa watano tukisema," alijibu. "Yeye aliuliza neno moja, na hakuna aliyemsikia. Bei ya vinywa vingi haina sikio."

Akavuka barabara mpaka posta, akaishikilia bahasha kidogo kwenye mdomo wa sanduku, kisha akaiachia.