Kiboko Aonja Marupurupu Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, zama ambazo mabosi walikuwa bado na mikia, Kiboko alikuwa na kiwanda cha matofali kando ya mto. Nyati walikanyaga udongo, Ngiri walifyatua, Swala walibeba matofali mabichi kwenda kuyaanika uwanjani. Nguchiro, mdogo kuliko wote, alikuwa karani wa mahudhurio. Kiboko mwenyewe alisimamia kazi akiwa majini. Ungemwona macho na masikio tu, na ukisimama kidogo kuvuta pumzi, sauti ilitoka mtoni ikikuuliza kama umechoka na kazi.

Mwaka ule wafanyakazi wakaanza kuanguka. Nyati mmoja alizirai shimoni. Ngiri wawili wakahamia kiwanda cha Kifaru. Kiboko akashtuka, ila msidhani ni huruma. Alisikia kwamba Tembo, mwenyekiti wa waajiri wote wa mtoni, anapita kukagua ni nani anayewatunza watu wake vizuri, na mshindi atapigiwa ngoma siku tatu. Kiboko alipenda sana kupigiwa ngoma.

Akafikiri siku mbili, akatoka na marupurupu matatu, akayaandika kwenye ubao langoni.

La kwanza, fulana kwa kila mfanyakazi. Zote zilishonwa kwa kipimo cha mwenye kiwanda, na Nguchiro alipoivaa yake ilibidi atafutwe. La pili, kucheza kwenye tope bure, kila asubuhi. Nyati wakatazamana, maana tope lenyewe lilikuwa lile lile la matofali, na kucheza kwenyewe ndiko kule kule kukanyaga. La tatu, mapumziko ya mchana katika uwanja wa kuanikia. Uwanja ule haukuwa na mti hata mmoja. Miti yote ilishakatwa kuwa kuni za tanuri. Kiboko hakuwahi kuketi pale. Aliutazama kutoka majini akaona unapendeza.

Sasa, kati ya wale Swala alikuwepo Mama Situmai, aliyejifungua siku tisa tu zilizopita. Alimficha mwanawe kwenye majani marefu nyuma ya kilima, kama Swala wote wafanyavyo, na mtoto hakunyonya tena toka alfajiri mpaka jua linazama. Miguu ya mtoto ilikuwa imeanza kutetemeka. Mama Situmai akashuka mtoni kuomba ruhusa ya mchana, akanyonyeshe na kurudi.

"Mama Situmai," Kiboko akasema, "nimekupa fulana, nimekupa tope, nimekupa jua. Umebaki kutaka nini, nikunyonyeshee?"

Mama Situmai alirudi uwanjani akilia waziwazi, hakujificha. Nguchiro akamuuliza mtoto anaweza kuvumilia siku ngapi zaidi.

"Mbili, kaka. Ya tatu sijui."

"Tembo anakuja kesho," Nguchiro akasema. "Wewe kaa tayari."

Akaenda mtoni mwenyewe, akakohoa kwa adabu. Alimsifu Kiboko kwa ule ubao, akausifu mwandiko, akasifu hata misumari iliyoushikilia. Macho ya Kiboko yalipolegea vizuri, Nguchiro akasema kwamba kuna jambo dogo.

"Mgeni hali chakula ambacho mwenyeji hajakionja, bosi. Tembo ni mtu wa mila. Atauliza nani ameonja haya marupurupu. Ukiyaonja mbele yake, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, nani atakufikia?"

Kiboko akacheka, maji yakaruka pande zote. Kuvaa fulana, kucheza tope na kuota jua, hiyo nayo ni kazi?

"Na wanavyofanya watu," Nguchiro akaongeza, "mwonjaji akisema chumvi haijatosha, inatiwa chungu kizima. Mimi nitakaa na kalamu."

"Andika utakavyo. Hakitapungua kitu."

Kesho yake Tembo akaja, akaketi chini ya mwavuli wake. Kiboko akavaa fulana, ikamkaa barabara. Akaingia kwenye tope, chubwi, akagaagaa akitabasamu, na Tembo akatikisa kichwa kuridhika. Nyati walitazama pembeni. Mambo yalikuwa yanamwendea Kiboko vizuri mno, nami ningekuwa Mama Situmai ningekata tamaa.

Kisha ukafika mchana, wakahamia uwanjani.

Ngozi ya Kiboko haikuumbwa kwa jua, mnajua. Kama ungeinjika chai wakati ule, isingewahi kuchemka kabla yeye hajaanza kuungua. Tope likamkaukia mwilini, likapasuka kaa, kaa, kaa, na ngozi nayo ikataka kulifuata. Jasho jekundu likamtiririka.

"Kivuli," akanong'ona.

Nguchiro akaandika, akasoma kwa sauti: "Mwonjaji anasema kivuli hakijatosha."

"Maji."

"Mwonjaji anasema maji hayajatosha."

Kiboko akavumilia kidogo tena kwa ajili ya ngoma. Halafu akamshika Nguchiro bega, yeye ambaye hakuwahi hata kumwita kwa jina.

"Ndugu yangu Nguchiro, niruhusu niende nyumbani mara moja. Nitarudi, naapa. Mwili huu una haja zake."

Nguchiro akainua kalamu. "Kwenda nyumbani mchana na kurudi. Niandike kwa mwonjaji peke yake, au chungu kizima?"

Kiboko akamtazama Tembo. Tembo akapunga masikio.

"Kwani hapa," Tembo akauliza, "chumvi mnaitia kwenye kijiko?"

"Chungu kizima," akasema Kiboko, akashuka mteremko mbio, pu, mtoni.

Mama Situmai hakungoja wino ukauke. Alishavuka kilima, na kule kwenye majani mtoto akainuka kwa shida, akaanguka, akainuka tena, akashika ziwa.

Kiboko alipigiwa ngoma zake siku tatu. Alihutubia kwa kirefu jinsi alivyobuni mwenyewe kivuli, maji na ruhusa ya mchana, na Nguchiro akaandika kila neno bila kucheka, kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya kiwandani pale.

Funzo lake ni hili, wanangu: anayetaka kuwatunza wafanyakazi wake, aketi kwanza pale wanapoketi wao.