Taa za Ukumbi wa Shekifu

Siwatu alinunua taa kuukuu za jukwaa kwa Shekifu, mwenye ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote mjini. Alipoinama kuokota nyaya zake, Shekifu alizikanyaga.

"Umenunua taa, bibie. Nyaya zina bei yake."

"Bila nyaya, mzee, kikundi changu kitaigiza gizani."

"Basi igizeni mchana."

Siwatu alipakia taa kwenye mkokoteni, akausukuma hadi langoni, na hapo zikaporomoka. Akazipanga, zikaporomoka tena. Nje, gari la bibi harusi aliyekodi ukumbi siku hiyo lilikuwa limefika, likipiga honi bila kukoma.

"Ondoa takataka zako!" Shekifu alifoka.

"Nizifunge na nini, mzee?"

"Funga na chochote!"

"Chochote kipi? Humu kila kitu ni chako."

Baba wa bibi harusi akashuka garini, amekunja uso. Shekifu akakimbilia ndani, akarudi amekumbatia nyaya zote.

"Chukua! Ziwe zako, nisikuone tena hapa!"

Siwatu alifunga mzigo bila haraka, akampongeza bibi harusi, akaenda zake. Alipopinda kona alisimama, akaichomoa kamba ndefu aliyokuwa ameizungusha kiunoni chini ya kanga, maana ilikuwa inambana.