Mvua ya Milembe

Ngano inabisha hodi!

(Karibu, iketi!)

Iketi wapi na nyinyi mmejaa mkeka mzima? Sogeeni.

Hapo kale, kale ambapo wanyama walisema na watu wakasikia, alikuwako mwanamke akiitwa Milembe. Alikuwa amezika watoto wawili. Akabaki na mmoja tu, Kabula, na huyo ndiye aliyekuwa pumzi yake.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Watu wakangoja, maana kumbikumbi hawaitwi kabla mvua ya kwanza haijalowesha ardhi. Ikishanyesha, ndipo unakiezeka kichuguu kwa majani, unachimba shimo mbele ya tundu, unagonga gogo kwa vijiti. Kumbikumbi wanadhani bado inanyesha. Wanatoka, wanatumbukia shimoni. Ndiyo desturi.

Milembe hakungoja. Msiniambie njaa, mtama alikuwa nao ghalani. Ulimi ulitaka kitoweo.

Akaenda kwenye kichuguu kikubwa, ardhi kavu kama kigae. Akagonga, akaimba:

Ti-ti-ti, tokeni,
ti-ti-ti, imenyesha.

Kumbikumbi wakatoka. Akajaza ungo.

Kenge, aliyekuwa akiishi humo, akatoa kichwa. "Mama Kabula, sisi wa chini tunaamini tunachosikia."

"Basi zibeni masikio," akasema Milembe.

Siku ya pili akagonga, akaimba vilevile. Safari hii Chura naye akafukuka kwenye udongo alikolala, yeye na wanawe, wakaja kuoga. Wakakuta vumbi. Jua likawakausha wale watoto mmoja mmoja, wakabaki kama maganda ya njugu. Chura akamuuliza Milembe hiyo mvua iko wapi. Milembe akamjibu kwamba mwenye mdomo mpana kama ule hakosi cha kunywa.

Chura akamtazama sana. "Nawe una mwana," akasema, akarudi chini.

Siku ya tatu akagonga, akaimba. Hakikutoka kitu. Ndege wakanyamaza. Milembe akaweka vijiti chini, na kugonga kukaendelea. Kulitoka chini ya nyayo zake. Na kuimba pia, sauti ndogondogo, nyingi:

Ti-ti-ti, toka,
ti-ti-ti, imenyesha.

Mara Kabula akaja mbio kutoka nyumbani, kibuyu mkononi, uso ameuelekeza juu, mdomo wazi. Jua lilikuwa linawaka. Mama yake akamdaka mkono. Mkono ukamteleza, ulikuwa umelowa chepechepe.

"Mama, jikinge, unalowa," akasema Kabula. Akaingia kwenye tundu ambalo hata ngumi haipiti.

Milembe akachimba mpaka kucha zikang'oka. Akiwa bado anachimba, mawingu yakaja, mvua ya kweli ikapiga. Kumbikumbi wakaruka kutoka kila kichuguu isipokuwa kile. Akainama tunduni, akaita, "Kabula, toka mwanangu. Imenyesha."

Sauti ikaja kutoka chini, chini kabisa.

"Ni mvua, mama, au ni wewe?"

Akaapa. Akaapa tena. Kabula hakutoka.

Basi sikieni. Ukimdanganya mwenzio kwa kile anachokitegemea aishi, siku utakayomletea ukweli utakuta amefunga mlango, na huenda wa kwako yuko ndani.

Ngano inaaga. Isindikizeni kwa macho tu, msitoke. Nasikia manyunyu huko nje, na sijui ni ya nani.