Jua la Dodoma Halikaushi Nguo za Njombe

Jua la Dodoma halikaushi nguo za Njombe. Mama wa gulioni amewajibu hivyo, nanyi mmepanda kilima chote kuja kuniuliza bibi yenu maana yake. Watoto mliozaliwa kwenye ukungu huu, mnaovaa soksi zilizokaushwa juu ya moto, mnauliza maana. Haya, kaeni. Methali hii ilianzia hapahapa Ihemalo, na ilianza kwa sababu ya kamera.

Wakati huo tulikuwa na kikundi cha wakulima wa parachichi. Mwenyekiti wetu alikuwa Obeid Mwinuka, mtu mwema, ila akishakiona kitu kwa watu hana masikio tena. Kati ya wanachama alikuwamo Yusta Mtewele, aliyelima lile shamba la bondeni, kando ya barabara. Ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo wa marehemu mumewe, na mashemeji zake walikuwa wakiitolea macho. Misimu miwili mfululizo wezi waliingia na pikapu kwenye ukungu wa asubuhi, wakachuma parachichi zote zikiwa bado changa. Mashemeji wakamwambia, "Msimu huu nao ukitoka mikono mitupu, tunakata miparachichi, tunapanda misindano ya mbao. Msindano hauibwi." Kwa hiyo Yusta alipokuja kuomba kikundi kimsaidie kulinda shamba, hakuwa anaomba anasa. Alikuwa anaomba shamba lake.

Kikundi kikakubali kumfungia kamera, na hapo ndipo tulipoanza kuchoshana.

Babu yenu alitaka kamera ya waya. Nyumba yetu ina umeme, na mnaona jinsi inavyolitazama lile bonde kutoka juu. Waya ungetoka dirishani hapa jikoni, ukazikwa ardhini ndani ya bomba, ukateremka mpaka shambani. Kilichohitajika ni mtaro tu. Gervas Nyagawa, fundi simu, akasema waya ni mambo ya kizamani, tununue kamera isiyo na waya, inayotuma picha kwa mtandao. Babu yenu akamwuliza umeme itaupata wapi. Gervas akajikuna, akasema kwa umeme, kweli, itahitaji waya. Na mtandao? Mnajua wenyewe kule bondeni hata salamu haifiki kwenye simu mpaka upande juu ya kichuguu. Lakini hakukubali kushindwa, na babu yenu hakukubali kunyamaza, tukawa tunarudi nyumbani giza limeingia, hatujaamua lolote.

Niwaambie ukweli. Tatizo halikuwa kamera, tatizo lilikuwa mtaro. Hakuna aliyetaka kushika jembe kwenye baridi ile, kila mmoja alikuwa anatafuta kamera isiyochimbiwa. Na babu yenu, aliyekuwa na haki, akasema hachimbi peke yake mpaka kikao kipitishe. Sasa mtu kuwa na haki halafu akakaa nayo kitini, inamsaidia nani?

Katikati ya ubishi huo Mwenyekiti akaenda Dodoma kwenye harusi ya mpwa wake. Kule akaona kamera ya sola imefungwa juu ya banda la kuku. Haina waya, haina bili ya umeme, mtu akisogea inapiga king'ora mtaa mzima ukaamka. Hakungoja kikao. Alirudi nayo ndani ya boksi, ameipakata kwenye basi kama mtoto mchanga.

Siku ya kuifungua, Yusta aliigeuzageuza mikononi, akauliza, "Mwenyekiti, na Julai?"

"Julai kuna nini?"

"Jua, Mwenyekiti. Itakula nini?"

"Mama, hii ni teknolojia. Mpwa wangu anayo mwaka mzima, haijazima hata siku moja."

Watu wakapiga makofi. Hawakupigia kamera, walipigia kutochimba.

Mwanzoni ilifanya kazi, siwezi kuisingizia. Ilikuwa bado miezi ya jua. Usiku mmoja ikapiga king'ora, kijiji kizima kikateremka na mapanga, tukamkuta ng'ombe wetu anakula majani. Mwenyekiti alifurahi utadhani tumekamata jambazi.

Kisha baridi ikaja. Ukungu ulishuka ukakaa, na ule mchana unaofanana na jioni ukaanza. Nguo zangu zililala kambani wee, nikazitoa na maji yaleyale, nikazihamishia hapa jikoni. Kila mtu kijijini alinuka moshi. Na kamera ikaanza kupepesa taa nyekundu, kisha ikazima.

Mwenyekiti akasema paneli ifutwe, ikafutwa. Akasema igeuzwe upande mwingine, ikageuzwa, na ukungu wa upande huo ulikuwa uleule. Gervas ndiye aliyegundua kwamba betri inachomoka, akasema iwe inachajiwa kwa umeme. Umeme wa nani? Wa kwangu. Basi kila asubuhi nasikia salamu ya "kamwene" mlangoni, nafungua, ni Yusta na betri ndani ya kikapu, kitenge kimelowa hadi magotini. Nampa chai. Betri inakaa kwenye soketi mpaka ijae, kisha anateremka nayo. Alipanda na kushuka palepale ambapo mtaro ungepita. Nilimwambia babu yenu, tazama, yule mama anauchimba mtaro wako kwa nyayo. Akakohoa, akatoka nje.

Wezi nao hawakuwa wajinga. Waliona mtu anapanda kilima kila asubuhi na kikapu, wakajua kwamba akiwa huku juu, kule chini hakuna jicho. Asubuhi moja Yusta yuko hapa anamalizia chai, tukasikia gari bondeni. Tukadhani ni la maziwa. Aliporudi shambani alikuta matawi yamevunjwavunjwa na hakuna tunda. Kamera ilikuwa juu ya nguzo yake, inatazama, haioni.

Kikao kikaitishwa nyumbani kwa Mwenyekiti. Kwa baridi ile tulijibana jikoni kwake, chini ya kamba aliyoifunga juu ya moto.

"Kosa si la kamera," alianza. "Dodoma inafanya kazi. Nipeni simu nimpigie mpwa wangu sasa hivi mumsikie."

"Nakuamini," Yusta akasema. "Hizi suruali juu ya moto ni za nani?"

"Zangu."

"Mbona hukuanika nje?"

"Nje? Mwezi huu? Zitakaushwa na nini?"

Alijibu bila kufikiri, kisha akasikia alichosema. Wote tulikisikia.

"Kumbe unajua," Yusta akasema. "Mkeo anajua, Gervas anajua, hata mtoto wa chekechea anajua. Kwenye suruali zenu mnakumbuka, mkifika kwenye miti yangu mnasahau. Jua la Dodoma halikaushi nguo za Njombe, Mwenyekiti."

Hakupaza sauti. Alichukua kikapu chake, akaenda.

Jumamosi iliyofuata wakaja wote na majembe, na Mwenyekiti mbele. Mtaro uliisha kabla ya chakula cha mchana. Kazi tuliyoibishania kutwa na kucha, kabla ya chakula cha mchana. Nilisimama pale na sufuria ya makande, nikaona hasira zinanipanda mpaka machozi yakanitoka. Kamera ya waya ikafungwa, na mpaka leo haijali ukungu wala mvua.

Lakini mashemeji nao walikuwa watu wa kutimiza neno. Walikuja na mashoka, wakakata, wakapanda. Yusta aliwaomba msimu mmoja zaidi, hawakumpa. Siku alipokuja kuniaga, anarudi kwao Lupembe kuanza upya na miche, Mwenyekiti alikuwa hapa na babu yenu wanatazama kioo cha picha za ile kamera. Akamwita kwa furaha, maskini, akitaka kumpoza.

"Njoo uone, mama. Sasa haizimi. Shamba lote linaonekana."

Yusta akainama akatazama. Mistari ya misindano midogo ilionekana mpaka barabarani, mmoja mmoja, hata umande juu yake.

"Inaona vizuri," akasema. "Inalinda nini?"

Mimi sijasikia jibu mpaka leo.

Basi mkisikia kitu fulani kimefanya maajabu kwa watu, msikikatae, wala msikikimbilie. Kwanza tokeni nje mkashike nguo zenu kambani. Jua la Dodoma halikaushi nguo za Njombe.